Sababu za Kushindwa

Lango la maegesho lilikuwa limegoma kufunguka, magari yamepanga foleni hadi barabarani, na kwenye kompyuta ya Dada Koma sababu ilisomeka hivi: "Jua linanipiga usoni."

Aliisoma mara tatu. Kazini walimbandika jina hilo kwa sababu koma moja isiyo mahali pake ilitosha kumharibia siku nzima. Sasa hili la jua!

Yeye ndiye aliyeandika maktaba ya lango. Si maktaba ya vitabu. Ni mkusanyiko wa programu ndogo ndogo. Gari likifika, maktaba hupiga picha, kisha huiita programu ya mteja wao, kampuni yenye maegesho, na kuiuliza: hii namba gani? Programu ya mteja, iliyosifiwa kila mahali kuwa na akili kuliko mtu, husoma namba na kurudisha jibu, lango likafunguka.

Zamani programu hiyo ikishindwa, ilishindwa kimyakimya, na lawama zote zikamwangukia Dada Koma. Ndipo wiki iliyopita akaongeza kitu kimoja tu: ukishindwa, taja sababu.

Sababu zikaanza kumiminika. "Gari limejaa matope." "Nimepiga chafya, picha imepita." Na saa saba mchana, bila hata haya: "Nakula."

"Mtaalamu wao anakutania," mkuu wake alimwambia. "Lakini mteja anasema kosa ni letu. Usiponiletea ushahidi leo, kesho usijisumbue kuja."

Dada Koma akakwapua kompyuta yake, huyoo, mpaka ofisini kwa mteja. Mtaalamu wao, bwana mmoja mpole mwenye tai ya kukodolewa macho, alipoonyeshwa orodha ya zile sababu alianza kutokwa na jasho.

"Upuuzi huu umeuandika wewe?"

"Haki ya Mungu, dada yangu, sijaandika hata mstari mmoja."

"Nani, basi? Tangu lini programu ikapiga chafya?"

"Punguza sauti, tafadhali."

"Sipunguzi! Watu wamekwama langoni tangu asubuhi, na mimi kibarua kinaota nyasi. Nionyeshe hiyo programu yenu. Nitaikagua yote, hapa hapa, leo hii."

Bwana yule akachungulia ukumbini, kushoto na kulia, kisha akamwongoza hadi kwenye mlango wa mwisho, ulioandikwa kwa herufi nyekundu: MITAMBO. USIINGIE.

Hakutafuta ufunguo. Alirekebisha tai, akabisha taratibu kwa kidole kimoja.

"Shikamoo, shangazi," akasema kwa adabu. "Samahani kukusumbua. Kuna mgeni amekuja kukukagua."