Uwanja Usiofagiwa

Kila siku Bi Mwanahawa akishaswali alfajiri hushika ufagio. Leo alikaa kizingitini na tasbihi yake, na uwanja umetapakaa majani na kinyesi cha mbega waliolala mtini.

Mama Zubeda, jirani yake, akachungulia ukutani. "Shoga, unaumwa?"

"Mzima, alhamdulillahi. Namsubiri mgeni."

"Mgeni ndiyo unamtandikia mavi? Watu watasema ujane umekuelemea."

"Waache waseme."

Akaingia Atupele, binti wa chuo anayechunguza nasaba za wanyama. Wiki nzima alikuwa akikuta pamefagiwa, anaamkia, anaondoka. Jana tu ndipo alipojikaza kueleza kwamba kinyesi kibichi huonyesha ukoo wa mbega. Asipokipata cha hapa, haitajulikana kama kundi hili bado linaoana na wenzao wa ng'ambo ya mashamba, au limebaki ndugu kwa ndugu mpaka litoweke. Na gari la chuo linaondoka leo.

Akapiga magoti, akaokota kwa kijiti, akatia kichupani.

"Bibi, umeniokoa."

"Mshukuru Mungu, mwanangu. Mimi nimekaa tu."

Mama Zubeda alikuwa bado ukutani. "Hata kwangu yapo," alisema taratibu. "Sijui kama yanafaa kama ya huyu."

Bi Mwanahawa akacheka hadi tasbihi ikamtoka mkononi. Juu yao mbega mmoja alimpa mwenzake kitoto cheupe pee, kama wanavyozaliwa. Yule akakipokea, akakikumbatia, kisha akainama kuwatazama.