Kombe la Shule Sita

Kinyaa kilimshika Mwalimu Mkwizu. Kombe la netiboli la shule sita, alilolifuata katika shule ya jirani ili aandike historia ya ligi yao iliyokufa, lilikuwa chooni, limetumbukizwa brashi ya kusugulia.

"Hamna hata haya?" alimfokea mkuu wa shule hiyo, Bi Nasra.

Bi Nasra alilisugua kombe kwa majivu hadi likang'aa, akalijaza uji kutoka jikoni, kama ilivyokuwa desturi ya kila fainali, timu mbili kunywea kombe moja.

"Fainali ya mwisho mimi ndiye niliyekuwa kapteni hapa," alisema. "Shule yenu ilitufunga, tukakataa kunywa nanyi, na kombe hatukulitoa. Mfungaji wenu alikuwa mamluki, mwalimu. Wakati wa mapumziko alikwenda kumnyonyesha mwanawe nyuma ya goli. Hilo nalo utaliandika?"

Mwalimu mwenyewe ndiye aliyemtafutia yule mwanamke sare ya shule, acheze kama mwanafunzi.

Alilipokea kombe kwa mikono miwili. Uji ulikuwa wa moto, na harufu ya choo ilikuwa haijatoka. Bi Nasra alisimama mbele yake, akingoja anywe.