Dhambi Isiyopanda Feri

Kwa mara ya nne tangu wahamie Mishomoroni, wanaume waliinuka kwenda kwenye Meza ya Bwana na Kitsao akabaki kwenye benchi, anavikagua vidole vyake vya miguu kama mtu aliyevipoteza na kuvipata juzi. Upande wa wanawake, mkewe Kafedha alihisi macho ya kanisa zima kwenye kisogo chake.

Yeye alikuwa ameshakunywa. Katika kanisa lile wanawake walitangulia, kwani ndio waliolifagia. Na mbele ya wanawake wote alitangulia Dhahabu, mamake Kafedha, mwanamke wa kwanza kubatizwa mtaani. Hakuna aliyethubutu kutia mdomo kwenye kikombe kabla yake.

Kisimani shauri lilikuwa limekatwa zamani. Kitsao alifanya kazi ya reli Changamwe, akilala huko Jumatatu hadi Ijumaa. Mwanamume anayelala huko na kuogopa kikombe huku, basi ana mtu.

Dhahabu mwenyewe hakuwahi kumuuliza mkwewe neno. Angemuulizia wapi? Kila alipokohoa mlangoni, Kitsao alitokea mlango wa nyuma akajitia kupalilia mihogo, kama adabu ya ukwe inavyotaka. Kwa hiyo alimwambia bintiye.

"Mwanangu, kikombe kile nimekaa nacho miaka ishirini. Mtu msafi hakiogopi."

Kafedha angekubali, lau si jambo moja. Pasaka iliyopita walimwachia Dhahabu kuku wao, wakavuka kwa feri kwenda kwa dadake Likoni. Huko Kitsao alikuwa wa kwanza kupiga magoti, akanywa hata padre wa Likoni akakivuta kikombe arudishiwe. Na vitani, huko Burma, alikunywa kwenye kopo la bati na wanaume wa kila kabila. Sasa ni dhambi gani hii inayokataa kupanda feri, inamngoja mwenyewe huku Mishomoroni?

Ijumaa mzee wa kanisa, Lewa, alikuja na kofia mkononi. Charo, mtoto wao wa miezi saba, alikuwa abatizwe Jumapili.

"Baba asiyekaribia Meza hamleti mtoto kwenye maji," alisema. "Mumeo asipokunywa Jumapili hii, mtoto atangoja."

Kafedha aliitazama kanzu ndogo ya kitambaa cha amerikani alichokipangia foleni siku mbili. Iliyobaki kushonwa ni mikono tu. Aliomba huku akitwanga: "Bwana, mfungue mume wangu mdomo, ama nitaufungua mimi kwa mchi huu."

Jumamosi mchana Kitsao alirudi, hata viatu hajavua.

"Baba Charo, kuna mwanamke?"

Kitsao akakuna kichwa. Mtu yule uongo hakuujua, na hilo ndilo lililokuwa tatizo lake.

"Yupo."

Kafedha akaketi juu ya kinu. Alimpenda mume wake, na neno lile lilimuuma kuliko uchungu wa kuzaa.

"Ni nani?"

"Siwezi kumtaja mbele yako. Namheshimu mno."

"Unamheshimu!"

Kata ya maji ilimpita sikioni ikavunjika ukutani. Kitsao hakungoja ya pili. Alishika njia ya kwenda kwa Padre, na Kafedha akamfuata kwa mbali, mtoto mgongoni, akasimama penye dirisha.

Sauti hazikumfikia. Alichoona ni Kitsao ameinamisha kichwa, ananong'ona, na Padre, mtoto wa mjini aliyesoma sana, anacheka hadi akavua miwani aipanguse. Kafedha alikasirika. Ndoa yake inaungua, na mtumishi wa Mungu anaota moto!

Padre alipotoka alimkuta papo hapo.

"Nenda kamalize hiyo kanzu, mama," akamwambia. "Kesho wanaume watatangulia."

"Na huyo mwanamke?"

"Kesho wanaume watatangulia," Padre akarudia, akarudi ndani upesi kabla kicheko hakijamshika tena.

Kafedha alimalizia mikono ya kanzu kwa hasira, na mmoja ukatoka mrefu.

Jumapili Lewa alipotangaza utaratibu mpya, wanawake waliguna kanisa zima. Watangulie wanaume kwani wameshika ufagio lini? Lakini Kitsao alikuwa ameshafika mbele. Akapiga magoti, akapokea mkate, akakishika kikombe kwa mikono miwili. Akanywa. Akabaki amefumba macho kitambo, na aliporudi kwenye benchi uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyetua mzigo.

Kafedha alilia bila kujificha. Swali la yule mwanamke lilikuwa bado halijapata jibu, lakini mtoto angebatizwa, na mume aliyekunywa vile hakuonekana kumficha Mungu chochote. Akamshukuru Bwana, akajifuta kwa pembe ya leso.

Wanaume wakaisha. Padre akageukia upande wa wanawake, kikombe mkononi.

Hakuinuka mtu.

Benchi la kwanza lilimtazama Dhahabu, la pili likalitazama la kwanza. Dhahabu, ambaye kwa miaka ishirini hakukosa hata mara moja, alikuwa amejivuta leso hadi usoni, magoti ameyabana, hatikisiki.

"Mama," Kafedha akanong'ona, "inuka. Padre anangoja."

"Na angoje," Dhahabu akajibu chini ya leso. "Kikombe mkwe wangu ameshatia mdomo, mimi nitakinywa kwa uso gani?"