Moja ya Chaki Mlangoni

"Mwalimu, waliolala humu usiku wa kuamkia leo ni wangapi?" aliuliza karani wa sensa, kalamu mkononi.

Huyu binti nilimfundisha mimi, darasa la nne. Miaka thelathini na moja niliwahubiria wanafunzi wangu kwamba nchi isiyojua idadi ya watu wake haiwezi kuwajengea hata zahanati. Kila siku ya sensa nilikuwa natoa kiti nje tangu alfajiri, kama ninayengoja wakwe.

Nyuma ya pazia la chumbani alikuwa mwanangu, amebana pumzi. Aliandika gazetini kuhusu dawa zilizopotea hospitalini. Juzi mwenzake waliyeandika naye alichukuliwa na gari lisilo na namba.

"Niko peke yangu," nikasema.

Macho ya karani yakashuka hadi kwenye viatu vya kiume pembeni ya mlango. Kamba zilikuwa bado na tope bichi la mvua ya jana. Uso ukaniwaka kama mtoto aliyekamatwa akiibia mtihani.

"Peke yako, Mwalimu," akarudia taratibu, akaandika. Akavisukuma viatu kwa mguu hadi chini ya kiti. Kisha akatoa chaki, akachora moja kwenye mlango wangu, imenyooka vilevile nilivyomfundisha.

Alipoondoka, mwanangu alitoka nyuma ya pazia akijaribu kucheka.

"Kwa hiyo mimi nchi hii simo, Mama?"

"Punguza sauti," nikamwambia.