Uji wa Mwanaidi

Tangu apasuliwe na kupunguzwa mfuko wa chakula ili apungue mwili, Mwanaidi hamezi kitu kikashuka. Leo uji ukigoma, kesho anarudi kupasuliwa. Nao uligoma. Ulikwama kifuani, akaukamata ukingo wa kitanda.

"Mtoto aliyekuwa akikwangua mpaka ukoko!" mama yake alisema. "Haya, mwanangu, kidogo tu."

"Haushuki, mama."

"Utashuka. Tumeze pamoja."

Mama alipeleka kijiko, huku naye amefumbua kinywa chake kitupu kama anayelisha kichanga. Mwanaidi alipokea, akafumba macho. Koo la mama likapanda, likashuka. La Mwanaidi halikutikisika, na mkono wa mama tayari ulikuwa unachota tena.