Mstari Mmoja Mweupe

Gari la Ligaya lilikata kulia, likaingia kwenye maegesho ya duka la donati. Kwamboka, aliyekuwa nyuma yake, akapitiliza.

Simu ikalia. "Dada, umepita," Ligaya alisema. "Geuza."

Walikuwa wanatoka mji wa Euless kumuaga Onyancha, mume wa Kwamboka. Jioni hiyo jeneza lingesafirishwa kwa ndege kwenda kuzikwa Kisii, na mjane angebaki Texas, kwa sababu makaratasi yake ya uhamiaji yalikuwa bado. Akitoka, harudi. Kumzika mume kwa simu ni msiba juu ya msiba.

Ligaya, nesi mwenzake kutoka Ufilipino, alikuwa mtu wa mzaha, ila si kwa jambo hili. Kwao mtu hatoki msibani akaenda moja kwa moja nyumbani. Hupitia kwanza mahali pengine, hata dukani, ili marehemu apotee njia. Asipofanya hivyo, marehemu atamfuata mpaka ndani.

Viumbe wa hadithi za kwao aliwachora kwa kompyuta, tena kwa ubahili wa mistari. Jitu livutalo sigara juu ya mti lilikuwa kitone chekundu kwenye weusi. Mwanamke akatikaye kiunoni, nusu ya juu ikaruka: miguu tu, imesimama. Na yule afuataye watu kutoka msibani: taa mbili za gari, nyuma yake mstari mmoja mweupe. Kwamboka aliiomba picha hiyo. Ligaya alidhani ni pambo la nyumba mpya ya Cedar Hill, ambayo Kwamboka alihamia peke yake, Onyancha akiwa amelazwa.

"Mimi nimeokoka," Kwamboka alijibu simuni. "Mila hizo ni zenu."

"Na akikufuata?"

Kwamboka akakata simu. Ikalia tena, akaizima. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa, lakini hawakusema lolote kuhusu mila za jirani.

Kwenye barabara kuu alishika njia ya kulia, ya wanaokwenda polepole, akaenda mwendo wa jongoo. Malori yakampigia honi. Kila penye kona aliwasha indiketa mapema, akatazama kioo cha nyuma, ndipo akakata. Ndege moja iliinuka juu ya nyumba za watu na kupotelea mawinguni.

Cedar Hill, jua lilikuwa bado halijatua. Aliiacha injini ikiunguruma, akazunguka upande wa abiria na kuufungua mlango. Akangoja. Jirani aliyekuwa akimwagilia majani alimpungia mkono, na yeye akampungia. Kisha akaenda kuufungua mlango wa nyumba, akausukuma hadi mwisho. Ukutani, picha aliyoichora Ligaya ilitazama nje.

"Ndiyo hii, Onyancha," alisema, akisogea pembeni kupisha. "Nilijua peke yako ungepotea."