Dawati la Salha

Siku hizo, mtoto akitoroka shule, mzazi wake alilazimika kukaa kwenye dawati lake mpaka mtoto arudi. Ndivyo Mwajabu, fundi cherehani, alivyojikuta darasa la tano, magoti yakigonga dawati, akimlaani kimoyomoyo bintiye Salha.

Mwalimu alikuwa sauti tu kutoka ukutani. Kabla ya hesabu, iliwauliza watoto mmoja mmoja, "Jana nyumbani kwenu walizungumza nini?"

"Baba alisema wakubwa wa serikali wanatudanganya kuhusu maji," alijibu mtoto wa mbele, na sauti ikamsifu.

Mwajabu akaelewa. Kumbe hiki ndicho alichokikimbia mwanawe!

"Uliyekaa kwenye dawati la Salha, nanyi mlizungumza nini?"

"Tulizungumza yetu." Mwajabu akasimama.

"Mzazi, ukitoka ataitwa baba yake."

"Ita ukoo mzima!"

Alimkuta Salha nyuma ya nyumba, amejikunyata akingoja kipigo. Akamwinua, akamkumbatia.

"Kesho huendi," alimwambia. "Wala keshokutwa."

Hawajaingia ndani, simu ikalia. Alikuwa mumewe, Hamduni.

"Mke wangu, nimeitwa shuleni. Umefanya nini?"

"Wanataka uwachongee mkeo na mwanao. Ukiulizwa, usiseme kitu."

Hamduni akashusha pumzi. "Mimi mtumishi wa serikali, Mwajabu. Nikinyamaza nitafukuzwa kazi."

"Basi chagua," alisema. Akakata simu, akamwingiza mtoto ndani, akafunga mlango kwa ufunguo. Ufunguo wa pili alikuwa nao Hamduni.